Ombi la Kuipinda Barabara Mpya ya Unyambwa

Mtaa Mpya,
Unyambwa,
Singida.
Agosti, 1975

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Mitaa Mipya.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: BARABARA ILIYONYOOKA KUPITA KIASI

Pokea salamu za kazi kutoka kwangu, Gasto Alute, fundi baiskeli, mkazi wa nyumba ya mwisho huku juu Mtaa Mpya. Hali yangu ni njema. Miguu yangu nayo ni mizima, isipokuwa haina pa kwenda, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kabla hujanikasirikia, naomba ujue kwamba mimi si mpinga maendeleo. Mwaka jana tulipoambiwa tutoke kwenye matembe yetu yaliyotawanyika nyuma ya majabali tuje tukae pamoja karibu na mji, mimi nilikuwa mtu wa pili kubomoa. Wa kwanza alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Petro, na huyo tembe lake lilikuwa linabomoka lenyewe, yeye alilisaidia tu. Nyumba yangu mpya ina madirisha mawili. Katika mikutano ya tawi naimba wimbo wa chama mpaka ubeti wa tatu, ambao wenzangu wengi huumung'unya tu. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba Gasto ni mkorofi, muulize yeye anaujua ubeti wa tatu?

Lakini barabara, Ndugu Mwenyekiti. Jamani, barabara!

Alipokuja Ndugu Simeoni, mpimaji wenu, kijana mpole mwenye kofia pana, alichomeka vigingi akavuta kamba kutoka huku juu hadi kule chini kwenye pampu ya maji. Tulipiga makofi. Tangu tuzaliwe hatukuwahi kuona mstari mrefu namna ile, maana njia zetu za zamani zilikuwa zinazunguka jiwe, zinazunguka mti, zinazunguka boma la mtu, zinakwenda kama ng'ombe anavyotaka. Hakuna aliyemuuliza Ndugu Simeoni kamba yake inapita mbele ya mlango wa nani. Tulidhani kamba ni kamba tu. Kisha viwanja vikagawiwa kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia ile ile. Mimi nikapata kiwanja cha mwisho huku juu. Pampu, duka la ushirika, kanisa na ofisi ya tawi vyote vikawekwa kule chini. Na katikati kabisa, mahali ambapo hakuna mtu wa juu anayeweza kufika chini bila kupita, akapata Mama Fabiano.

Mama Fabiano ni mama mkwe wangu. Ndiye aliyemzaa mke wangu Yustina, na kabla yake akamzaa Fabiano ambaye sasa yuko Itigi anafanya kazi kwenye reli. Mumewe ni marehemu, anaishi peke yake, na ni mama mwema ambaye hajanikosea chochote. Nasisitiza hapo kwa sababu watu wa mjini mkisikia habari za mkwe hukimbilia kufikiri pana ugomvi.

Sijui wewe ni mwenyeji wa wapi, Ndugu Mwenyekiti, kwa hiyo nivumilie nikueleze. Kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake njiani uso kwa uso. Ni heshima, na ni heshima kubwa. Ukimwona anakuja, unatoka njiani, unaingia kichakani, unageuza mgongo, unangoja hadi nyayo zake zipotee. Akikuona yeye kwanza, yeye ndiye anayejitanda kanga na kugeuka. Hamsalimiani, hampeani mikono, hamli pamoja. Ukiwa na neno la kumwambia, unamwambia mbuzi aliye karibu, au unauambia ukuta, naye anasikia na kumjibu mbuzi. Babu zangu waliishi hivyo na wakwe zao wakapendana sana.

Sasa heshima hii haihitaji mambo makubwa. Inahitaji kona na kichaka. Kamati yako imeviondoa vyote viwili kwa kamba moja.

Na jambo lenyewe lina haraka. Yustina ni mjamzito, mimba ya kwanza, na mwezi wake ndio huu. Zahanati yetu bado ni msingi tu. Kwa desturi na kwa akili ya kawaida, atakayempokea mtoto ni mama yake, ambaye kwa bahati ndiye mkunga ambaye akina mama wa huku wote wanamtegemea. Tumepanga kwamba uchungu ukianza, jirani yetu Dina atamkimbilia Mama Fabiano, na mimi nitaondoka nyumbani ili aingie. Mpango mzuri. Lakini nitaondoka kwenda wapi? Kwa agizo la kamati yako kila nyumba ina mlango mmoja nao unatazama barabara. Nyuma yangu ni shimo refu walikochimba kokoto za huo msingi wa zahanati. Yeye akija, lazima mimi nitoke. Nikitoka natokea barabarani. Na barabarani ndiko anakotokea yeye. Nilipendekeza nijifiche ndani ya shimo. Yustina amekataa, anasema mwanawe hawezi kuambiwa baba yake yuko shimoni.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu kuonekana. Mtu akisimama mlangoni kwangu anaona mpaka pampu, na aliye pampuni anamwona aliye mlangoni kwangu. Mnaita hilo maendeleo. Mimi nikitoa pua tu nje, Mama Fabiano kule katikati, ambaye labda alikuwa ametoka kupeta mtama wake kwa amani, inambidi aache ungo na kugeukia ukuta. Nikirudi ndani, anageuka. Nikikumbuka kwamba nimesahau koleo nje, anageuka tena. Siku moja nilikuwa natengeneza baiskeli ya mtu iliyokuwa inanisumbua, natoka na kuingia, natoka na kuingia, na jioni Dina akaniambia kwamba mama wa watu shingo inamuuma. Je, Ndugu Mwenyekiti, wewe ungejisikiaje?

2. Kuhusu salamu. Wazee wote wamejenga baraza zao zikitazama barabara, upande huu na upande huu, nao wanakaa hapo tangu jua linapotoka. Huwezi kumpita mzee bila shikamoo. Hilo sikulalamikii, nililelewa. Lakini zamani ungekutana na mzee mmoja njiani, mkasalimiana vizuri, mkaulizana habari za ng'ombe na za mvua, ukaenda zako. Sasa ni wazee wote kwa mpigo. Ukimaliza kuwaamkia wa kushoto, wa kulia wamekwishanuna. Mzee Antipasi hasikii vizuri, inabidi umwamkie mpaka jirani zake wamsaidie kuitikia. Na kwa kuwa wamekuona tangu unatoka kwako, kila mmoja amepata muda wa kutosha kuandaa swali. Dina, ambaye anatusaidia kuteka maji kwa hali ya Yustina, anaondoka na debe asubuhi na mapema na anarudi watu wameshakula. Akipita tena alasiri, wanasema ile ilikuwa salamu ya asubuhi. Naona aibu, Ndugu Mwenyekiti, mwanamke wa jirani kumtekea maji mke wangu mimi nikiwa nimekaa na miguu yangu miwili. Hilo linaniuma kuliko yote.

3. Kuhusu upepo. Upepo wa Singida unaujua, au kama huujui karibu. Zamani ulikuwa unagonga jabali huku, unakwama kwenye minyaa kule, ukifika kwa mtu umechoka. Sasa mmeutengenezea barabara yake. Unaanzia huku juu unakimbia mpaka pampuni bila kizuizi, pamoja na vumbi, kofia za watu, na siku moja kuku. Mimi nilijaribu kutumia akili. Nikatoka na mwavuli, nikauinamisha upande wa nyumba ya Mama Fabiano ili nipite bila kuonana naye. Kweli ilikuwa kiangazi, hakuna wingu, watu walinicheka. Nilivumilia. Lakini nilipofika sawasawa na mlango wake, upepo wenu uliunyakua ule mwavuli ukaupeleka mpaka kwenye baraza yake. Mimi nikabaki katikati ya barabara kama kigingi kilichosahauliwa na Ndugu Simeoni. Mwavuli ule uko kwake mpaka leo, ameuning'iniza ukutani vizuri sana, na mimi siwezi kuufuata.

4. Namba nne nimeisahau. Yustina ameniita nimsogezee kigoda, na niliporudi imepotea. Itakuwa ilikuwa muhimu.

5. Kuhusu njia za nyuma. Utaniuliza kwa nini nisipite nyuma ya nyumba. Nilipita. Nyuma ya nyumba ni vyoo, na vyoo navyo vimepangwa kwa kamba ile ile, mstari mmoja. Siku ya kwanza tu nilimkuta Mzee Petro akiwa anatoka, bado anafunga mkanda, nami kwa mazoea nikamwamkia. Hakuitikia. Jioni ile ile ilipigwa mbiu kwamba ni marufuku kupita nyuma ya nyumba za watu, na kwamba atakayekutwa huko ni mwizi au anaichukia barabara ya wananchi. Sasa mimi siwezi kupita mbele kwa sababu ya heshima na siwezi kupita nyuma kwa sababu ya serikali.

6. Kuhusu baiskeli. Mimi ni fundi. Nikaona, ikiwa siwezi kupita polepole, nitapita kwa kasi. Nikamaliza kuziba pancha ya baiskeli ya mwalimu, nikasema naijaribu, nikashuka na barabara kwa nguvu zangu zote, na nilipokaribia kwa Mama Fabiano nikafumba macho. Ndugu Mwenyekiti, usijaribu. Mbuzi wa Mzee Petro alikuwa ameamua kuvuka. Mbuzi alipona, baiskeli ya mwalimu ilipinda, na mimi nikaishia ndani ya mtaro mpya, tena mbele kabisa ya mlango wa Mama Fabiano. Yeye, kama mtu mwenye adabu, akageukia ukuta. Mimi nikiwa mtaroni na goti linatoka damu, nikageukia upande wa pili. Tukakaa hivyo, kila mtu na mgongo wake. Alimwambia ukuta kwamba kama kuna mtu ameumia kuna majani ya kusaga hapo. Nami nikauambia mtaro kwamba hakuna aliyeumia. Mpaka Dina alipokuja kunitoa, mguu ulikuwa umevimba. Mwalimu hajanisamehe. Yustina alipoambiwa alicheka hadi nikamwogopea mtoto, halafu akaniuliza kwa ukali kama ameolewa na mwanamume au na nguchiro.

7. Kuhusu sifa yangu. Kila wiki tunafyatua matofali ya zahanati kule bondeni, chini ya pampu. Mimi sifiki. Mzee Petro amesimama mkutanoni akasema kuna watu mtaa huu wanaangalia wenzao wakijenga taifa, na wakati anasema hivyo alikuwa ananitazama mimi, maana siku hiyo nilikuwa nimefika, nilitoka nyumbani alfajiri kabla ya Mama Fabiano kuamka. Mimi, mtu wa ubeti wa tatu, naitwa kupe! Nilitaka kujieleza, lakini Mama Fabiano naye alikuwa mkutanoni, upande wa akina mama, na mbele ya mama mkwe mtu hapayuki.

8. Kuhusu uchumi na ulinzi wa nchi. Hapa naomba utulie na usome polepole. Mtu mmoja asiyetembea ni hasara ndogo. Lakini kila mwanamume wa nchi hii ana mama mkwe, au anamtafuta. Barabara hizi zikiendelea kunyooka, leo Unyambwa, kesho Issuna, keshokutwa Nduguti na Manyoni, itafika siku wanaume wote waliooa watakuwa wamejifungia ndani na wakwe zao wote wamegeukia ukuta. Nani atalima? Nani atachunga? Watakaobaki wanatembea ni makapera tu, nao ndio watakaokwenda kwenye mikutano, ndio watakaochaguliwa, na taifa zima litaongozwa na watu wasiojua hata chumvi inawekwa wapi jikoni. Adui akija hatahitaji ramani. Ataiona pampu kutoka mpakani. Mimi nimeoa mwaka juzi tu na nimeyaona haya. Nashangaa kamati haijayaona.

Baada ya kulalamika, ni wajibu wa mwananchi kupendekeza. Kwa heshima zote naomba mambo yafuatayo, na kamati ichague moja au yote.

Kwanza, barabara ipindwe. Siombi makubwa. Naomba ikifika kwa Mama Fabiano ikunje kidogo kama kiwiko, ipite nyuma ya nyumba yake, halafu irudi mahali pake. Ndugu Simeoni alete kamba iliyolegea.

Pili, kama kamati haina kamba ya namna hiyo, basi kipandwe kichaka cha minyaa katikati ya barabara. Kiwekwe kibao, Kichaka cha Serikali, ili Mzee Petro asikikate kwa kudhani ni uchafu. Mwananchi yeyote mwenye mkwe aruhusiwe kuingia bila kibali, ila wasizidi wawili kwa wakati mmoja, na makapera wasikitumie kwa mambo yao.

Tatu, kama minyaa haifai, itolewe ratiba. Asubuhi barabara iwe ya akina mama wakwe, mchana iwe yetu, na jioni iwe ya wazee peke yao wasalimiane wenyewe kwa wenyewe hadi waridhike.

Nne, siku zijazo viwanja vigawiwe kabla watu hawajaoa, kijana ajue mtaa upi asiposee. Na kwa sisi ambao tumeshaoa, ambao hatuwezi kurudisha wake zetu kwa sababu ya kamba, naomba pampu, duka, kanisa, tawi na bonde la matofali vihamishiwe huku juu kwangu. Nafahamu bonde ni zito. Lakini nimesikia kwamba serikali yetu haishindwi na jambo ikiwa wananchi wameshirikiana, na mimi nitashirikiana, ilimradi kazi ifanyike upande wa huku.

Naomba jibu mapema. Mtoto hatangoja kikao cha kamati, na kila nikimwangalia Yustina anavyopumua kwa shida nikakumbuka mama yake yuko pale, naona hata paa lake, na bado hakuna njia ya yeye kuingia na mimi kutoka bila kuvunjiana heshima, usiku silali. Mama yangu mzazi alifariki mapema. Yustina hana mtu mwingine wa kumshika mkono, na mimi sina mwingine wa kumuomba.

Wasalimie wajumbe wote wa kamati na familia zao. Msalimie Ndugu Simeoni, mwambie hatuna chuki naye na akija tutampa uji, ila kamba aiache nje. Wasalimie makarani, dereva wenu, na mlinzi wa pale mlangoni. Wasalimie na wakwe zenu, popote mnapowakwepea.

Ni mimi mwananchi mwenzako, ndani ya nyumba,

Gasto Alute
Fundi baiskeli

Nyongeza: Ndugu Mwenyekiti, tafadhali usiiguse barabara. Nakuomba sana.

Barua hii ilikuwa imeshakunjwa, nangoja mteja wa kuipeleka mjini, Yustina aliponiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Ilikuwa mchana, jua la utosi. Mtaa mzima ulikuwa bondeni kwenye matofali, Dina pamoja nao, na wazee nao walikuwa wamekwenda kuangalia vijana wasikosee. Hapakuwa na wa kumtuma. Nikatoka mlangoni nikaangalia chini, na katika barabara yote nikamwona mtu mmoja tu, mbali, keshaiacha nyumba yake anaelekea pampuni na debe kichwani. Mwendo ule naujua, maana nimeukimbia tangu nilipooa.

Nilipiga kelele. Akageuka, akaona ni mimi, akajitanda kanga akanipa mgongo kama inavyotakiwa. Nikaita tena, nikaanza kumfuata mbio. Sasa fikiria mama wa watu anamwona mkwewe anamjia, mikono juu, hana viatu, anapiga mayowe ya Mama, Mama! Alitupa debe akatimua mbio. Sikujua kama mama yule ana miguu namna ile! Nikamfukuza mama mkwe wangu katikati ya barabara ya wananchi. Alitaka kukata kulia, mtaro. Akatazama kushoto, mtaro. Milango yote imefungwa, watu hawapo. Kona hakuna, kichaka hakuna. Nilimpata mbele ya ofisi ya tawi, wote wawili hatuna pumzi, nikamwambia usoni pake, bila mbuzi wala ukuta, kwamba ni Yustina na ni sasa hivi.

Aliniangalia. Nilikuwa sijawahi kuyaona macho yake. Ni yale yale ya mke wangu. Kisha akanipita akarudi juu anakimbia, na njia nzima alikuwa ananitukana kwa Kinyaturu kwamba mtu mwenye akili angeanza na jina la Yustina, asingemfukuza mzazi kama ndama. Sikumkuta tena mpaka mlangoni.

Mtoto ni wa kike. Alikuja na kitovu kimemzunguka shingo, na hakulia. Mama Fabiano alijua la kufanya, na baadaye kidogo akalia, nami nje nikalia zaidi yake, wala sioni haya kukuambia. Ameniambia mwenyewe, uso kwa uso, kwamba angechelewa kidogo tu, leo tungekuwa tunakaa matanga. Barabara ingekuwa na kona moja, ile niliyoiomba, angenipotea hapo hapo nami ningebaki nakimbiza upepo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nimempa shikamoo, ameitikia marahaba. Mzee Petro anasema sharti achinjwe kondoo wa kutuondolea aibu, nasi tumekubali, na Mama Fabiano ameshachagua paja.

Kwa hiyo kama kuna nakala ya malalamiko haya imekufikia kwa njia nyingine, ichane. Kama katapila limeshatoka kuja kupinda, lirudisheni. Likifika huku, litatukuta katikati ya barabara, mimi na mama mkwe wangu, tumesimama bega kwa bega.